Mwenye Ahali Ndiye Dereva

Majuzi, katika siku zile ambazo magari ya Safari Rally huwa yamekwisha kufika Naivasha na watu hawana mazungumzo mengine, nilimsikia mtangazaji mmoja wa redio, ambaye jina lake nalisitiri kwa staha, akitamka kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuipatia kauli yake kila ithibati, ya kwamba mbio za magari ni kazi ya kijana asiye na mke wala mtoto, kwa kuwa mwanamume akishaoa hofu humwingia moyoni, na mwenye hofu hawezi kushinda. Mwenzake alicheka akamwunga mkono. Mimi nilihamaki, na hamaki hiyo haijanitoka hata saa hii ninayoandika, kwa sababu dhana hii nimeisikia barazani, nimeisikia garini, nimeisikia hata matangani kwa watu walioondokewa na kijana wao kwa sababu ya dhana hiyo hiyo, na kila mara husemwa kana kwamba ni elimu.

Basi na tuulizane, ni nani hasa waliopata kushinda katika nchi hizi? Safari ilipoanza mwaka 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, maelfu ya kilomita za vumbi na matope, na baadaye ikawa katika majira ya Pasaka, mvua za masika zikinyesha, katika njia zisizofungwa, ambamo dereva wa mashindano huenda akakutana na lori la mkaa, au kundi la ng'ombe, au daraja lililochukuliwa na maji usiku ule ule. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, katika magari yote yaliyoondoka ni 7 tu yaliyomaliza. Mabingwa wa Ulaya walikuja mwaka baada ya mwaka na magari yao mapya na mafundi wao, wala hakuna mgeni asiye mkaazi wa Afrika ya Mashariki aliyeshinda hadi mwaka 1972, alipofaulu Hannu Mikkola wa Ufini. Mbio za namna hiyo humtaka mtu anayejua la kuogopa, na maarifa hayo hayapatikani ila kwa umri.

Mtazameni Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho mwaka 1932, aliyejulikana ulimwenguni kwa lakabu ya Sikh Arukaye. Huyu alianza kwa kushika spana katika gereji za Nairobi, kisha akaajiriwa na chama cha wenye magari kuzunguka barabarani akiwasaidia madereva walioharibikiwa, na kila gari alilolikuta limekufa kando ya njia lilimfundisha jambo moja zaidi kuhusu jinsi magari yanavyokufa. Aliposhinda Safari mara ya kwanza, mwaka 1965, alikuwa katika Volvo kuukuu aliyoinunua baada ya wenyewe kuitumia katika mashindano ya mwaka uliotangulia, na aliyeketi kando yake hakuwa mwelekezi wa kukodishwa, alikuwa Jaswant, ndugu yake. Alishinda tena mwaka 1974 katika Mitsubishi Lancer ndogo, akimwacha nyuma Björn Waldegård aliyekuwa katika Porsche yenye nguvu kuliko hiyo, na akashinda mara ya tatu mwaka 1976, umri wake miaka 44. Katika Safari 22 alizoshiriki alimaliza 19. Na aisome tena hesabu hiyo yule anayedhani kwamba ushujaa ni kukanyaga mafuta, maana katika mashindano ambayo wengi huishia korongoni au hukatika ekseli, mtu huyu alirudi nyumbani mara 19, na gari lake likatembea kwa magurudumu yake.

Ama Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ambaye jamaa zake walikuwa miongoni mwa Wahindi waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, aliingia katika Safari ya mwaka 1973 hali amekwisha kupoteza nchi aliyozaliwa, akatoka sawa kwa pointi za adhabu na Harry Källström wa Sweden, na ushindi ukawa wake kwa sababu yeye ndiye aliyekwenda masafa marefu zaidi kabla ya kuadhibiwa mara ya kwanza. Maana yake ni kwamba alishinda kwa kutokosea mapema. Baada ya hapo alishinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, jambo ambalo hakuna aliyelifanya kabla yake katika Safari. Na mkewe je? Bibi Yvonne hakukaa nyumbani akimtia mumewe hofu. Katika mashindano kadhaa ya nchi za nje alikaa yeye mwenyewe katika kiti cha mwelekezi, akimsomea njia. Kama ndoa huua mbio, basi hawa wawili walipaswa kuzikwa na mbio zao katika mwaka wa kwanza.

Watasema, najua, kwamba macho ya mtu wa makamo yamechoka na mikono yake imekuwa mizito. Hii ndiyo hoja wanayoitembeza, nayo ni hoja ya mtu ambaye hajapata kubadili gurudumu usiku katika mvua. Waldegård, yule yule aliyeshindwa na Joginder, alirudi akashinda Safari mwaka 1977, na 1984, na 1986, na mara ya mwisho mwaka 1990 akiwa na miaka 46, umri ambao hakuna mshindi mwingine wa mbio za ubingwa wa dunia wa rali aliyeufikia mpaka mwaka 2022, alipoupita Sébastien Loeb, naye ana miaka 47. Kisha, miaka 65 imekwisha kumpita, akaja mwaka 2011 kushinda mashindano ya magari ya kale, East African Safari Classic, katika Porsche 911, na aliyemwelekeza njia ni Mathias, mwanawe wa kumzaa. Na Carlos Sainz wa Hispania, baba wa dereva mashuhuri wa Formula 1, alishinda Dakar jangwani Saudia mwaka 2024 akiwa na miaka 61. Macho gani hayo yaliyochoka?

Marehemu ami yangu aliendesha basi kati ya Mombasa na Nairobi tangu barabara ile ilipokuwa haijatiwa lami, na mimi nilisafiri naye mara nyingi katika likizo za shule. Aliposimama Voi, abiria wakishuka kununua ndizi na chai, yeye hakwenda hotelini kwanza. Alilizunguka basi lote, akainama, akagusa kila gurudumu katikati, kwenye habu, kwa mgongo wa mkono. Habu ikiwa vuguvugu alipita. Ikiwa moto kupita mwenzake, alimwita taniboi, basi likapigwa jeki, beringi ikatazamwa, na abiria wakalalamika walivyotaka. Nilipomuuliza kwa nini hatumii kiganja, aliniambia mgongo wa mkono huhisi joto upesi, na kiganja ndicho kinachoshika usukani, hakifai kuunguzwa. Alikuwa na wake wawili na watoto tele, na hata siku moja hakupindua gari.

Leo ipo kampuni ya mabasi, siitaji, ambayo dereva wake, kijana wa miaka ishirini na kitu, alitutoa Mombasa magharibi akatufikisha Mtito Andei kwa mwendo ambao hata sasa mwili wangu unausisimkia, akilipita kila lori penye kona, simu sikioni, redio ikivuma nyimbo ambazo kwa adabu sitazieleza, na nilipokwenda kumsihi kwa heshima apunguze, kondakta alinijibu, "Mzee, huyu ni wa Safari Rally." Huo ndio msiba wenyewe. Jina la kina Joginder, watu waliozihesabu bolti zao na kuzigusa moja moja kabla ya kuondoka, limekuwa kinga ya wahuni, na watangazaji wenye kipaza sauti, ambao hata majina ya washindi wa kwao hawayajui ilhali wanaweza kutaja klabu zote za Uingereza na wachezaji wao wa akiba, wanaitia dhana hiyo vichwani mwa vijana kila asubuhi.

Ninyi wenye mabasi mnaonisoma, dereva akija kuomba kazi, msimuulize hufika Nairobi kwa saa ngapi. Muulizeni ana watoto wangapi, na gari la mwisho alilokabidhiwa alilirudisha katika hali gani.