Raha na Karaha za Uzee

Katika nchi yetu, mtu akimtakia mwenzake heri, jambo la kwanza amwombealo ni umri. Mtoto akizaliwa twamwombea akue. Maarusi wakifungishwa ndoa twawaombea wazeeke pamoja. Mgonjwa akipona twamshukuru Mungu kwa kumzidishia siku. Basi kila mzee tumwonaye barazani, au njiani na mkongojo wake mkononi, ni mtu ambaye dua ya wazazi wake imekubaliwa. Yafaa tujiulize: dua hiyo ikishakubaliwa, sisi twamfanyia nini mtu huyo?

Twauliza hivyo kwa kuwa uzee una raha zake na karaha zake, nao watu wengi hutazama upande mmoja tu. Wako wanaouogopa uzee kana kwamba hauna raha hata moja. Wako pia wanaowasifu wazee katika mikutano kana kwamba hawana shida hata moja. Wote wawili hawamsaidii mzee.

Tuanze na raha. Ya kwanza ni heshima. Mzee atokapo nje asubuhi, kila mdogo apitaye humpa shikamoo, naye hujibu marahaba. Hakuna mshahara wala cheo kiwezacho kununua salamu hiyo. Hupatikana kwa kuishi tu. Akifika penye watu, kijana husimama ampishe mahali pa kukaa. Pakiwa na posa au ugomvi wa mpaka wa shamba, neno lake hungojewa kabla ya kukata shauri.

Ya pili ni wajukuu. Mzazi hulea kwa hofu, maana hajui mwanawe atakuwa mtu wa namna gani. Babu na bibi hulea kwa furaha, kwa sababu hofu hiyo wamekwisha kuipita. Ndiyo maana katika makabila mengi ya nchi yetu pana utani baina ya wazee na wajukuu wao: bibi humwita mjukuu wake wa kiume mume wangu, na babu humwita wa kike mchumba wangu, na nyumba nzima ikacheka. Baba mzazi hana ruhusa ya utani huo. Yampasa angoje zamu yake.

Ya tatu ni uhuru wa kusema. Kijana asemapo hufikiri juu ya kazi yake, deni lake na wakwe zake. Mzee hana tena cheo anachokitafuta, wala mtu anayetaka kumpendeza. Aweza kulisema jambo kama alionavyo. Wahenga waliposema kwamba penye wazee haliharibiki neno, hawakuwa na maana kwamba wazee hawakosei. Walijua kwamba kuishi kwingi ni kuona mengi, na ya kwamba mtu aliyewahi kupotea njia ndiye awezaye kumwonyesha mwingine ilipo.

Tena uzee si lazima uwe mwisho wa kazi. Mwalimu Julius Nyerere aliuacha urais kwa hiari yake mwaka 1985, akiwa na umri wa miaka 63, na mwaka 1990 akauacha uenyekiti wa Chama. Alirudi Butiama kulima, walakini hakujifungia huko: mpaka alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999, alikuwa msuluhishi wa mgogoro wa Burundi. Huko Zanzibar, Bi Kidude aliendelea kuimba na kupiga ngoma mbele ya watu akiwa bibi kizee, na mwaka 2005 alitunukiwa tuzo ya kimataifa ya WOMEX kwa ajili ya muziki wake. Aliendelea kuheshimiwa kwa sauti yake hadi alipofariki mwaka 2013.

Twakumbuka pia kwamba marehemu Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909, aliyaandika maisha yake kwa sehemu mbili, na ya pili akaiita Baada ya Miaka Hamsini. Katika siku zake, kuivuka hamsini kulikuwa ni kuingia katika sehemu nyingine ya safari. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1962, akiwa na miaka 53. Leo mtumishi wa serikali mwenye umri huo bado huhesabiwa kuwa mtu wa kazi, kwa maana kustaafu kwa lazima ni miaka 60. Umri umeongezeka katika nchi yetu, nasi twafurahi. Lakini mwenye kuongezewa siku hana budi kuongezewa na chakula cha siku hizo.

Hapo ndipo tufikapo kwenye karaha. Nazo ni za namna mbili, na kuzichanganya ndiko kunakotuponza.

Namna ya kwanza ni zile zitokazo kwa maumbile. Macho hufifia, magoti hulalamika, meno hung'oka, na usingizi huwa mchache. Rika nalo hupungua: kila mwaka mzee huenda kuwazika wenzake, mpaka akabaki peke yake anayelikumbuka jina la utani aliloitwa utotoni. Upweke wa namna hiyo hakuna serikali iwezayo kuuondoa. Dawa yake ni subira, imani, na jamaa wa kukaa naye na kumsikiliza, hata kama hadithi yenyewe wamekwisha kuisikia mara kumi.

Namna ya pili ni zile tunazozitengeneza sisi, kisha tukauambia ulimwengu kwamba ni uzee. Mzee akiacha kuona, watu wa nyumbani husema, "Basi tena, ni utu uzima." Kumbe mara nyingi ni mtoto wa jicho, ugonjwa ambao daktari huuondoa kwa upasuaji mfupi usiotimiza hata saa moja, akatia lenzi mpya, na mtu akaona tena nyuso za wajukuu wake. Wangapi hukaa gizani miaka na miaka kwa sababu tu hapana aliyewapeleka hospitali? Giza la mtu huyo halikuletwa na umri peke yake. Limeletwa pia na nauli ambayo hakuna aliyeitoa.

Tutazame pia riziki. Mtumishi hustaafu kwa pensheni, mkulima hastaafu. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba wenye umri wa miaka 60 na zaidi katika Tanzania walikuwa karibu milioni 2 na nusu. Wengi wa wazee wa nchi hii wamelima, wamevua samaki au wamechunga ng'ombe maisha yao yote, na hawakupata kuwa na mwajiri wa kuwawekea akiba. Pamba, kahawa na korosho zilizolipatia taifa fedha za kigeni zilitoka katika mikono yao. Mikono hiyo ikichoka, hugeukia watoto. Na watoto wakiwa mjini bila kazi, jembe hurudi mikononi mwa mzee. Zaidi ya hayo, ukimwi ulipowachukua watu wa makamo, mabibi wengi walianza kulea upya, wakibeba watoto migongoni katika umri ambao walistahili wao kubebewa mzigo.

Na iko karaha moja ambayo twaona haya hata kuitaja, lakini hatutaificha. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, hasa Shinyanga na Mwanza, bibi vizee wengi wameuawa kwa mapanga kwa kushukiwa uchawi, na ushahidi ulioletwa dhidi yao mara nyingi ulikuwa ni macho mekundu. Macho hayo yalikuwa mekundu kwa moshi. Mwanamke aliyepika kwa kuni, au kwa samadi kavu pale ambapo kuni ni adimu, ndani ya jiko lisilo na dirisha, kwa miaka hamsini, akiwapikia mume, watoto na wajukuu, atakuwa na macho ya rangi gani? Alama ya utumishi wake ilifanywa kuwa hukumu ya kifo. Mtu aliyekula chakula kile, kisha akainua panga au akamnyamazia mwenye panga, hana haki ya kujiita mlinzi wa mila zetu.

Ujamaa aliotufundisha Mwalimu tangu mwaka 1962 ulikuwa na hesabu iliyo wazi. Katika jamii yetu ya asili kila mtu alikuwa mfanyakazi, na mzee aliyeonekana amepumzika alikwisha kufanya kazi yake katika ujana. Azimio la Arusha la mwaka 1967 nalo halikuwahesabu miongoni mwa wanyonyaji wale ambao umri umewaondolea nguvu. Kwa hiyo kumtunza mzee ni kulipa deni. Sadaka hutolewa na mtu apendapo, bali deni lina siku yake.

Hatusemi kwamba hakuna kilichofanyika. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitambua kwamba mzee ni mtu mwenye miaka 60 na zaidi, na wazee wasio na uwezo waliwekewa haki ya kutibiwa bila malipo. Zanzibar ilipiga hatua kubwa zaidi: tangu mwezi Aprili 2016, kila mzee aliyetimiza miaka 70 alianza kupewa pensheni, shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuulizwa aliajiriwa wapi, na baadaye kiasi hicho kikaongezwa. Fedha hizo si nyingi. Lakini mzee mwenye chochote mfukoni aweza kumtuma mjukuu dukani kununua sukari, na siku hiyo yeye ndiye mwenye nyumba. Twaona kwamba njia hiyo yastahili kufikiriwa kwa wazee wa Tanzania nzima.

Kadhalika, dirisha la wazee hospitalini ni jambo jema, lakini dirisha halitibu. Mzee akipishwa mstari, kisha akaambiwa dawa akanunue mjini, amepewa heshima nusu. Viongozi wa wilaya na wa vijiji wanapaswa kuhakikisha kwamba haki iliyoandikwa inamfikia mtu aliyeandikiwa.

Wazee wetu nao tunawaambia, kwa adabu, kwamba wana wajibu wao. Wasiseme kila siku kwamba zamani kila kitu kilikuwa kizuri, maana wao wenyewe ndio walioikataa zamani ile ya kutawaliwa. Wawaonyeshe vijana mipaka ya mashamba na kuwaeleza habari za ukoo wangali hai, ili wasiache magomvi badala ya urithi. Na aliye katika kiti, aige mfano wa 1985: aondoke wakati watu wangali wanatamani akae.

Ulimwengu huadhimisha Siku ya Wazee kila tarehe 1 Oktoba, tangu mwaka 1991. Siku hiyo hotuba hazikosekani. Lakini ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Mwenye mzazi asiyeona, ampeleke akapimwe macho. Mwenye bibi apikaye katika moshi, atoboe dirisha la jiko wiki hii. Mwenyekiti wa kijiji asikiapo mnong'ono juu ya bibi kizee fulani, asingoje mpaka usiku uingie.

Ujana ni moshi, ukienda haurudi. Kijana anayemcheka leo mzee anayepapasa ukuta ataufikia ukuta ule ule Mungu akimjalia umri, na atakuta pale msaada ule alioujenga yeye mwenyewe, ama hatakuta kitu.