Motokaa ya Mbio na Oili Yake

Karani mmoja wa Nakuru aniandikia kwamba amenunua Subaru Impreza yenye tabo, iliyokwisha tumika Japani, na kila kilometa 1,500 yapungua lita nzima ya oili. Fundi amemshauri atie oili nzito ya 20W-50 ili moshi uishe.

Bwana, ngoja kwanza. Injini ya tabo hula oili kuliko nyingine, na watengenezaji kadha hawahesabu lita moja kwa kilometa 1,000 mpaka 2,000 kuwa kosa. Lakini lita hiyo ndiyo karibu nafasi yote iliyopo baina ya alama mbili za kijiti cha kupimia. Taa nyekundu huonya msukumo wa oili ukianguka. Ikiwaka, huenda beringi zimekwisha ungua. Colin McRae alipoishinda Safari Rally ya mwaka 1997 kwa Impreza, alikuwa na mafundi wa kuitazama gari yake kila kituo. Yako ina wewe tu.

Tunacho kilima cha kutusaidia. Panda toka Salgaa kwenda Mau Summit, rafiki akufuate na kutazama moshi. Ukitoka wa buluu unapokaza kupanda, yaelekea ringi za pistoni zimechakaa. Ukitoka unapokanyaga petroli tena baada ya kuteremka kwa gia, shaka iko kwenye mihuri ya valvu. Nenda kwa kiasi, tafadhali. Mteremko ule umeua wengi.

Sasa zile namba. Ya kwanza, yenye herufi W, yaonyesha wepesi wa oili katika baridi; ya pili, uzito wake kwenye joto la digrii 100. Asubuhi zetu zina baridi, na oili nzito huchelewa kufika kwenye tabo, ambayo mhimili wake huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Kitabu cha gari kikiruhusu 5W-30 na 5W-40, kwa safari za milima ningechagua 5W-40, ya kopo lililofungwa, si ya kupimiwa kutoka pipani.

Pima kila Jumamosi asubuhi, gari ikiwa mahali sawa na injini haijawashwa. Andika kilometa na kiasi ulichoongeza, kama mfugaji aandikavyo maziwa yake. Baada ya miezi mitatu niletee hesabu; ikiwa lita yaisha kwa kilometa 700, tutazungumza habari ya kuifungua injini.