Mtoto asome kanuni, baba afunge ndoano

Miongoni mwa ujumbe tunaopokea kutoka kwa wasomaji walio ughaibuni, kuna lalamiko moja lisiloisha, na wanaoliandika zaidi ni akina baba. Wanasema: "Siku hizi mtoto wangu ndiye mkubwa wa nyumba."

Si kwamba mtoto hana adabu. Familia ikihamia nchi ya Kiingereza, mtoto huingia shule, na baada ya mwaka mmoja au miwili ulimi wake umeshafunguka. Baba na mama wako kiwandani au wanafanya usafi maofisini usiku, na lugha inawaingia polepole. Basi mtoto ndiye anayefungua barua. Ndiye anayempigia simu mwenye nyumba bomba likipasuka. Ndiye anayekaa kati ya mama na daktari, akitafsiri mambo ambayo hakupaswa kuyasikia. Akifika miaka kumi na minne anajua kodi ya nyumba, deni la gari na presha ya mama. Baba akimwambia "fanya hivi", humtazama kwanza, kama anayejiuliza iwapo mzee anajua anachosema.

Hapo hakuna mwenye kosa. Lakini mpangilio wa nyumba umepinduka, na haurudi kwa ukali. Baba anayefoka humthibitishia mtoto kwamba hana kingine alichobaki nacho. Kikao cha mezani nacho hakisaidii sana, maana kijana akikalishwa kitini aelezwe mambo, hugeuka bubu.

Kinachosaidia ni kazi ambayo mkono wa mzazi unaijua kuliko wa mtoto, na ambayo haikamiliki mpaka mtoto naye atoe anachokijua. Leo nawaletea mfano mmoja wa kazi hiyo. Inafanyika siku ya mapumziko, juu ya maji.

Safari ya ziwani

Boise ni mji mkuu wa jimbo la Idaho, magharibi mwa Marekani. Kwa miaka mingi umepokea wakimbizi kutoka Kongo, na Kiswahili kina wazungumzaji wake huko. Baba mmoja aishiye Boise ni msomaji wetu wa siku nyingi. Alizaliwa Uvira, akakulia juu ya Ziwa Tanganyika. Akiwa kijana alitoka usiku na wazee kuvua dagaa kwa taa, na alijua pia kuvua mikeke, wale ambao watu wa Kigoma huwaita migebuka. Ana binti wa miaka 16, mkalimani wa nyumba nzima, na mtoto wa kiume wa miaka 12.

Jumamosi moja ya mwezi Julai waliamka saa nane usiku wakaelekea Redfish Lake. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kwa Barabara namba 21, karibu saa tatu za kupanda na kuzunguka milima yenye misonobari, hadi Stanley, kijiji chenye wakazi mia moja na kidogo. Ziwa liko kusini kidogo ya hapo, chini ya milima ya Sawtooth, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hata mwezi wa Julai alfajiri yake huhitaji koti zito. Njiani mtandao wa simu hukatika kwa muda mrefu, na baba anasema hiyo ilikuwa faida ya kwanza ya safari.

Walikuwa wanamfuata samaki aitwaye kokanee. Huyu ni wa aina moja na salmoni anayeitwa sockeye, ila maisha yao ni tofauti. Sockeye huzaliwa mtoni au ziwani, hushuka hadi baharini, hukulia huko, kisha hurudi alikozaliwa ili atage. Kokanee habanduki ziwani maisha yake yote. Kwa kuwa hapati chakula cha bahari, hubaki mdogo, mara nyingi sentimita 25 hadi 35. Wote wawili hutaga mara moja tu, kisha hufa.

Anavuliwa kwa kurambaza, yaani kuburuta mshipi nyuma ya boti inayotembea. Boti huenda taratibu sana, kama kilomita mbili kwa saa, pungufu ya mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Alfajiri samaki huwa karibu na uso wa maji. Jua likipanda, hushuka kufuata ubaridi, na mshipi nao hushushwa kwa uzito wa risasi. Mbele ya ndoano huwekwa kibati kinachong'aa na kuyumba, kiwavute samaki. Na kwenye ndoano yenyewe wavuvi wengi wa huko huchomeka punje moja ya mahindi meupe. Baba alipoambiwa hivyo alicheka. Samaki wa kwao, alisema, hakujua mahindi mpaka yawe ugali kando yake.

Mwenye kitabu na mwenye mkono

Kabla ya kuondoka, kila mmoja alikuwa na kazi yake. Binti alipewa kusoma kanuni za uvuvi za jimbo. Ndiye aliyegundua kwamba mdogo wake, kwa kuwa ni mkazi na hajafika miaka 14, hahitaji leseni, lakini yeye na baba wanahitaji. Ndiye aliyesoma kwamba kwenye boti isiyozidi futi 19, mtoto wa miaka 14 au chini lazima avae jaketi la kuokolea muda wote boti inapotembea. Alisoma pia kwamba samaki aitwaye bull trout haruhusiwi kuchukuliwa: pezi lake la mgongoni likionekana halina madoa meusi, anarudishwa majini. Na kwamba katika ziwa hilo uvuvi wa kokanee hufungwa kabla kiangazi hakijaisha, ili kuwalinda sockeye wanaorudi kutoka baharini.

Baba alikubali yote. "Kanuni za ziwa la kwetu niliambiwa na wazee," aliniambia. "Za hapa ziko kwenye kitabu, na kitabu kiko kwa binti yangu. Sioni aibu."

Palipokuwa pagumu ni kwenye jaketi. Sheria ilimtaka yeye awe nalo tu botini, si lazima kulivaa, na mtu aliyeogelea Tanganyika tangu utotoni huona jaketi ni la wageni wa maji. Binti alimjibu kwa heshima: "Baba, Tanganyika maji yake ni ya moto. Haya ni theluji iliyoyeyuka. Humu kujua kuogelea hakutoshi."

Hapo, wazazi wenzangu, mtoto alikuwa na haki kabisa, na ningependa kila baba aliyekulia maji ya nchi za joto alisikie jambo hili. Uso wa Tanganyika una joto la nyuzi 25 hivi. Mtu akitumbukia kwenye maji baridi sana, dakika ya kwanza pumzi humkatika na kumjia kwa kishindo, na akiwa chini ya maji wakati huo huyavuta mapafuni. Akipita hapo, ana kama dakika kumi tu kabla mikono na miguu haijakataa kufanya kazi. Mwogeleaji hodari huzama akiwa na akili zake zote, kwa sababu misuli imemgomea. Jaketi ndilo linalomshikilia juu mpaka aokolewe. Baba akavaa, akafunga vifungo vyote, na mtoto wa kiume hakuwa tena na sababu ya kulalamika kuhusu la kwake.

Walikodi boti ndogo, wakaanza. Samaki wa kwanza alimkamata binti. Alisikia mtikisiko, akavuta kwa nguvu, mshipi ukarudi mtupu. Wa pili vilevile. Mdomo wa kokanee ni laini mno. Ukimvuta kwa pupa unachanika na samaki anakwenda zake. Binti alitaka kukata tamaa. Baba akasogea, akashika mkono wake juu ya fimbo, akasema: "Usishindane naye. Mwache akimbie, ukiona amelegea ndipo umlete. Mshipi usilegee kabisa, lakini usiukaze." Wa tatu akaingia wavuni.

Ni jambo dogo. Lakini baba anasema alikuwa hajapata siku nyingi kumwambia binti yake kitu, naye akakifanya bila kumtazama kwanza.

Saa za kungoja

Atakayedhani siku ya uvuvi ni samaki hajawahi kwenda. Siku hiyo walipata wanne. Muda mwingine wote ni kungoja, boti inajikokota, macho yote yako kwenye ncha za fimbo. Hakuna anayemtazama mwenzake usoni. Kwa kijana hiyo ni nafuu kubwa, kwa sababu anaweza kuuliza swali bila kuonekana analiuliza.

Binti alianza kwa kusimulia alichosoma kuhusu ziwa hilo. Limeitwa Redfish kwa sababu ya sockeye, ambao hugeuka wekundu wakati wa kutaga. Kufika hapo kutoka Bahari ya Pasifiki husafiri takriban kilomita 1,450 kupanda mito, na njiani kuna mabwawa manane. Walikwisha kidogo kidogo hadi mwaka 1991 serikali ikawaingiza kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Mwaka 1992 aliyerudi ni mmoja tu, dume, na watu wakampa jina la Lonesome Larry, yaani Larry Mpweke. Wataalamu walikusanya waliobaki, wakawazalisha kwa kuwatunza, na ndiyo maana hadi leo wapo wanaorudi.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza: "Na huyu tuliye naye ndani ya ndoo?"

"Huyu ni ndugu yake, Baba. Yeye alibaki."

Kukawa kimya. Kisha yule mdogo, aliyezaliwa Marekani, akauliza bila kugeuka: "Baba, na sisi tuliondokaje?"

Baba aliniambia kwamba kwa miaka yote ile hakuwahi kuulizwa hivyo, naye hakuwahi kupata pa kuanzia. Nyumbani kuna televisheni, kuna zamu ya usiku, kuna simu. Botini hapakuwa na pa kukimbilia. Akawasimulia usiku wa kuondoka Uvira, nani alibeba nini, na nani aliachwa. Hayo ni ya kwao, siyaandiki hapa. Ninachoweza kusema ni kwamba binti, aliyewatafsiria wazazi wake kwa miaka kadhaa mbele ya madaktari na makarani, alikuwa hajui nusu yake.

Pwani, baba aliwatumbua samaki kwa kisu chake, akawaweka kwenye barafu papo hapo, kwa sababu nyama ya kokanee ni nyekundu, ina mafuta, na huharibika upesi. Watoto wakaangalia, kisha kila mmoja akatumbua wa kwake. Mama aliwapika jioni hiyo kwa nyanya, na sombe pembeni.

Je, nyumba imebadilika? Baba huyo si mtu wa kutia chumvi. Barua bado zinafunguliwa na binti. Lakini anasema zamani alikuwa anasoma na kuamua: "Hii tunalipa, hii tunaacha." Siku hizi husoma, akaiweka mezani na kuuliza: "Baba, hii tunaifanyaje?" Mzazi aliyewahi kulikosa swali hilo anajua thamani yake.

Kwako wewe mzazi

Si lazima iwe kokanee, wala si lazima uwe Idaho. Kama wewe ni fundi seremala, tengenezeni kiti pamoja. Kama ulilima, tafuteni kipande cha bustani. Uliyekuwa fundi cherehani, mshonee binti yako gauni naye akate kitambaa. Tafuta kazi ambayo mkono wako hauhitaji mkalimani.

Ukiichagua, shika mambo matatu. Kwanza, mpe mtoto sehemu ya kweli ya kazi, kama kusoma kanuni au kutafuta njia, na akisema jambo la maana lifuate mbele ya wadogo zake, kama baba huyu alivyofunga vifungo vya jaketi. Anayetiiwa kwa haki hujifunza kutii kwa haki. Pili, usiibebe siku hiyo kama mtego wa kutoa mawaidha. Kaa na kazi, maswali yatakuja yenyewe, na yasipokuja mara ya kwanza nendeni tena. Tatu, mtoto akikosea mara mbili, kama yule binti na samaki wake, usimnyang'anye fimbo. Weka mkono wako juu ya wake, umwonyeshe, halafu uuondoe.

Na kama mtaenda majini, majaketi yavaliwe na wote, mkubwa kwa mdogo.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.