Matabishi haiko mushahara

Kila jamaa ya wachimbaji hapa Lubumbashi inajua tofauti ya prime na mushahara. Prime inakuja wakati mine imezalisha vizuri, na inaweza kukosa. Mushahara uko mu kontra: hata bei ya shaba ianguke kule London, mwisho wa mwezi patron anapaswa kuutoa. Hakuna baba wa nyumba mwenye kukubali aambiwe: "Mwezi huu tutakulipa prime tu." Lakini mutoto wetu mwenye kugawa karata usiku mu kasino akiambiwa "mushahara ni kidogo, juu bageni banakupatiaka matabishi", tunanyamaza, tunaona ni kawaida. Mimi naona si kawaida.

Tuangalie kwanza kazi yenyewe. Ku ruleti, krupie anachezea kasino. Ku poka, wachezaji wanakulana wao kwa wao. Kasino inakata sehemu kidogo ya makuta yenye kuwekwa katikati ya meza, na ule mwenye kushinda njo anatupiaka krupie jetoni moja ao mbili. Krupie hawezi kuiweka mufukoni: kamera iko juu ya kichwa chake, na mara nyingi nguo ya kazi inashonwa bila mifuko. Anasema "merci pour les employés", anaitumbukiza mu sanduku lenye kuitwa "tronc". Mwisho wa posti, au mwisho wa juma, sanduku linafunguliwa, watu wanagawana.

Nani anafungua? Nani anahesabu? Mukubwa wa meza anakula ngapi? Kama hakuna kitabu, krupie anapokea kile anapewa na kusema asante. Mutu aliyesimama usiku muzima, akihesabu makuta ya wengine bila kukosea hata jetoni moja, hawezi kuhesabu ya kwake.

Jambo hili haliko la hapa petu peke yake. Mwaka 2006, ku Las Vegas, kasino ya Wynn ilianza kuingiza wakubwa wa meza mu mugawanyo wa matabishi ya makrupie. Makrupie walikasirika, wakaenda mu tribunali, na mwaka 2007 wakapiga kura ya kuingia mu sendika. Hata hivyo wao walikuwa na kinga moja: sheria ya Nevada inakataza patron kuhesabia matabishi ndani ya mushahara wa chini. Sheria ya Marekani yote inalegea zaidi: tangu 1991 inaruhusu patron kumulipa mutumishi wa matabishi dola 2,13 kwa saa, kama matabishi inajaza pengo. Unaona hatari: mugeni anatoa makuta kwa krupie, na faida inamwendea patron.

Siye watu wa Katanga tunalijua jambo la namna hii. Wazee wetu wa Union Minière walipewa posho: unga, samaki, mafuta. Posho ilisaidia, lakini ilikuwa inahesabiwa ndani ya malipo, na falanga zilibakia chache. Mu Desemba 1941 waligoma kuomba mushahara uongezwe, na mu uwanja wa mupira hapa hapa muji, askari wakawapiga masasi. Wale wazee walijua kama kitu unachopewa kwa huruma kinaweza kukatwa kwa hasira.

Kuna wenye kusema: "Krupie analalamika nini? Usiku moja anaweza kupata kuliko muchimbaji kwa juma." Inaweza kutokea. Lakini usiku ule moja haulipi nyumba ya miezi sita. Mu Februari 2025 Serikali iliposimamisha kupeleka kobalti inje, kila mutu wa mine alianza kuchunga makuta yake. Mutu akichunga makuta, kitu cha kwanza anakata ni matabishi. Tena kama matabishi haiingie mu CNSS, krupie akizeeka, akigonjwa, ao akizaa, ile jetoni ya zamani haitamulisha.

Wengine, hasa wazazi wa kanisa, wanasema: "Kasino ni nyumba ya zambi, mwache atoke." Mimi sitetee muchezo. Nimeona mishahara ya mine ikiyayuka pa meza ile, na mama wa nyumba akibaki na deni la masomo. Lakini mutoto anayegawa karata hakujenga kasino. Alitafuta kazi, akapata hii. Tangu 2003, wakati Gécamines ilitoa watu zaidi ya 10 000 mu kazi kwa "départs volontaires", jamaa ngapi zilijifunza kushika kazi yenye ilipatikana?

Sheria ya kazi, n° 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, haiweki kasino pembeni. Inasema kazi haipite saa 45 kwa juma. Inaita kazi ya usiku ile yenye kufanywa kati ya saa 19 na saa 5. Na kwa wale wanaoitwa journaliers: ukitumika siku 22 mu miezi miwili, na patron akikuita tena mbele miezi ile iishe, kontra yako inakuwa ya muda usio na mwisho. Tena SMIG, yenye ilikuwa 7 075 FC kwa siku tangu 2018, ilipandishwa 14 500 FC mwaka 2025, na SMIG ni ya manevri asiye na ufundi. Krupie ana ufundi. Deni la SMIG ni la patron. Mugeni mwenye kutupa jetoni hakutia sahihi mu kontra.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Mushahara wa krupie ulipwe muzima, matabishi iwe juu yake. Tronc ifunguliwe mbele ya watumishi, na mugawanyo uandikwe mu kitabu ambacho kila mutu anaweza kusoma. Na mwenye kumaliza posti saa 9 ya usiku apate gari ya kumufikisha kwao Kenya, Katuba ao Ruashi. Tunajua barabara zetu saa ile.

Wazazi, mutoto akirudi asubuhi, musimuulize tu alileta ngapi. Mumuulize: Kontra yako iko wapi? Namba yako ya CNSS ni gani? Nani alihesabu tronc? Akikosa jibu, mumusindikize kwa inspekta wa kazi, ao kwa delege wa sendika mwenye munamujua ku mine. Na wewe muchimbaji mwenye kucheza, ukishinda, toa matabishi kwa moyo. Lakini usifikiri umemulipa.