Meza ya Karani: Ngitili Siyo Ardhi Tupu

Karani wa parokia hana cheo kikubwa, lakini watu humletea karatasi. Huyu aleta cheti cha ubatizo kilicholiwa na mchwa, yule barua ya mtoto aliye Dar es Salaam. Juma lililopita aliingia mzee mmoja wa hapa hapa Usagara, akavua kofia, akaweka mezani karatasi iliyokunjwa mara nne. "Mwanangu," akasema, "nisomee hii. Naambiwa nitie dole gumba."

Nikamsomea. Wenye fedha wataka eneo la kupanda mbono, wakamue mafuta ya kuendeshea mitambo. Eneo lenyewe limeandikwa kuwa ni "ardhi isiyotumika". Nikamwuliza ni wapi huko. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake. "Si ngitili yetu, baba!"

Kwa ninyi msio Wasukuma: ngitili ni pori la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili majani yaote, likafunguliwa kiangazi ng'ombe wanapokosa kitu. Mpango wa HASHI, ulioanza Shinyanga mwaka 1986, ulifufua ngitili nyingi kule baada ya miti kukaribia kwisha. Humo mna kuni, fito, dawa na uyoga. Basi mtu apitaye na gari mwezi wa pili haoni ng'ombe hata mmoja, naye aandika kwamba haitumiki.

Mbono si mgeni kwetu. Ndio ule mbono kaburi, wa kuzungushia ua. Mbegu zake ni sumu, mbuzi hamgusi, na kwa sababu hiyo hufaa kwa ua. Sifa zake zilipanda pamoja na bei ya mafuta ya petroli. Mwezi wa saba 2008 pipa moja lilifika dola 147 katika soko la dunia. Mwaka 2009 nchi za Umoja wa Ulaya zikaamua kwamba ifikapo 2020 sehemu ya kumi ya nishati ya vyombo vya usafiri itoke katika mimea na vyanzo vingine visivyokwisha. Ndipo tukaambiwa mbono hustawi hata penye ukame. Kweli, huishi penye ukame. Lakini kuishi si kuzaa.

Nayajua haya kwa mikono yangu. Nilikuwa bado mtoto wa shule baba alipong'oa kipande cha mihogo akapanda mbono, kwa kuwa watu waliopita na pikipiki waliahidi kurudi kununua mbegu. Tulichuma, tukamenya, tukaanika. Asubuhi nzima haikujaza debe. Wanunuzi hawakurudi. Mwaka ule tulinunua udaga kwa jirani, na mama hakusema neno, jambo lililomwumiza baba kuliko kama angesema.

Haya, tupige hesabu. Lita moja ya mafuta ya mbono yataka kilo nne hata tano za mbegu kavu. Kwa hiyo bei ya kilo moja ya mbegu haiwezi kuzidi robo ya bei ya lita ya dizeli, na hapo hujalipa kukamua wala kusafirisha. Wasifuji waliahidi tani tano kwa hekta, lakini mashambani kupata hata tani moja ilikuwa taabu. Tani moja ni lita mia mbili na ushei. Sidhani basi litokalo Mwanza lingefika nazo Dar es Salaam. Jasho la mwaka mzima katika hekta nzima, na abiria washuke njiani!

Waliolipa zaidi ni wenzetu wa pwani. Kisarawe, kampuni ya Kiingereza, Sun Biofuels, ilipewa hekta 8,211 kutoka vijiji kumi na kimoja, kwa miaka 99. Watu waliahidiwa kazi, visima na zahanati. Mwaka 2011 kazi zikasimama, mamia wakaachishwa, kampuni ikaangukia mikono mingine, na ardhi haikurudi vijijini. Kilwa, kampuni ya Kiholanzi, BioShape, ilipata hekta 34,000, ikakata miti ya msitu, ikapanda mbono sehemu ndogo tu, ikafilisika mwaka 2010. Serikali yenyewe ilikwisha kusimamisha ugawaji mpya wa ardhi kwa kazi hiyo mwezi wa kumi 2009.

Husemwa mafuta haya ni safi, kwa kuwa hewa ya kaboni itokayo katika moshi wake ndiyo ile mmea uliyoivuta ulipokua. Kwa mbono wa uani ni sawa. Lakini ukianza kwa kukata miombo na kuchoma visiki, watoa kwa siku chache kaboni iliyowekwa na miti kwa miaka mingi, na hivyo vilita vichache vitalipa deni hilo lini?

Sisemi mafuta ya mimea ni upuuzi. Brazil, kwa mpango ulioanza 1975, hutia spiriti ya miwa katika motokaa, na makapi ya miwa huwasha viwanda vyenyewe. Wilayani Monduli akina mama walichuma mbegu za ua wao, wakatengeneza sabuni. Hakuna aliyenyang'anywa kitu.

Nikamweleza mzee jambo ambalo karatasi yake haikulitaja. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, kabla mgeni hajapewa ardhi ya kijiji, ardhi hiyo hugeuzwa kwanza kuwa ardhi ya jumla, nayo haiwi tena chini ya kijiji. Wengi hudhani wamekodisha tu. Tena Mkutano Mkuu wa Kijiji lazima uulizwe, na dole gumba katika orodha ya mahudhurio si jibu.

Alinyamaza kitambo. "Na mwezi wa tisa ng'ombe watakula wapi?" Nikamwambia swali hilo aliulize mkutanoni, kwa sauti hiyo hiyo. Akaniomba nimwandikie kwa herufi kubwa, pamoja na mengine mawili: wakishindwa, nani atarudishiwa pori, na bei ya kilo imeandikwa wapi. Mkutano ni Jumamosi. Karatasi yao ameichukua, ameikunja vilevile mara nne, bila dole.