Adabu ya Njiani

Msafiri wa leo hupanda ndege asubuhi Dar es Salaam, na kabla jua halijatua yumo katika nchi ya watu. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora, mwezi wa Novemba. Njia nzima ilikuwa na wenyewe, na wenyewe walitaka kuamkiwa.

Wapagazi wa Kinyamwezi walilijua jambo hilo kuliko mabwana waliowachukulia mizigo. Mbele ya msafara alitangulia kirangozi, naye alijua mahali pa kutua na kungoja, na mtu wa kupelekewa hongo. Neno hilo leo limeoza, maana yake ni rushwa. Lakini zama zile hongo ilikuwa haki ya mtemi kwa njia na maji ya nchi yake. Wageni waliiita unyang'anyi, kana kwamba kwao hakukuwa na forodha.

Hatusemi kwamba misafara ile ilikuwa ya heri. Ilichukua pembe, na ilichukua watu katika minyororo. Lakini mwenye macho atajifunza hata hapo. Mwaka 1871 Waarabu wa Tabora walipigana na Mtemi Mirambo, na Stanley, mgeni wa majuma machache tu, akaingia vitani upande wao. Walishindwa, njia ya Ujiji ikabaki imefungwa, naye akalazimika kuzungukia kusini. Mwaka 1876 Stanley huyo huyo alikutana na Mirambo kwa heshima, wakachanjiana udugu.

Wapagazi wao waliacha pwani kitu bora zaidi, nacho ni utani. Mnyamwezi aliyefia ugenini hakukosa Mzaramo wa kumzika, na mtani huyo alikuwa na ruhusa ya kumcheka hata akiwa maiti.

Ndugu zetu waendao nje leo kwa masomo, kazi au biashara, wangapi hufanya hivyo? Wako wanaokunja uso mbele ya chakula cha mwenyeji, wanaopiga watu picha bila ruhusa, na wanaoanza na shida kabla ya salamu. Kule Oman yuko mwanamume anayemnyoshea mkono mwanamke asiyetaka kushikwa mkono, kisha akaona ametukanwa. Mtu wa namna hiyo haharibu jina lake peke yake. Mtanzania atakayemfuata mwakani kutafuta kazi pale pale atapimwa kwa kibaba cha yule wa kwanza, asijue kosa lake.

Kwa hiyo twazitaka idara, mashirika na vyama vya wafanyakazi vinavyopeleka watu nje viwape kirangozi: mtu aliyepata kuishi katika nchi ile, akae nao walau siku mbili kabla ya safari, awafundishe salamu, mavazi na miiko. Watu hao tunao, na wengi wamestaafu. Gharama yake haifikii bei ya tiketi moja.