Wakili aje kabla ya dole gumba

Na Bhoke Marwa

Mthamini wa fidia ya ardhi inayotwaliwa na mgodi akifika kwenye mji wa mtu huko Nyamongo, Tarime, kazi huenda mbio. Migomba inahesabiwa, makaburi ya wazee yanaorodheshwa, mwenye mji anapigwa picha mbele ya nyumba ameshika kibao chenye namba. Kisha fomu, wino, dole gumba. Mtendaji wa kijiji yupo, mwenyekiti yupo, wakili hayupo. Ataitwa fidia ikishatoka na mzee akaona haimpatii shamba jingine. Hapo hakuna tena mazungumzo, kuna kesi.

Serikali ilipokaa mezani na kampuni ya dhahabu ya Barrick mwaka 2017, ilipeleka timu nzima chini ya Profesa Palamagamba Kabudi, mwanasheria. Mazungumzo yalipita miaka miwili, mikataba ikasainiwa Januari 2020, tukapata asilimia 16 ya hisa kwenye migodi, North Mara ukiwamo. Ikiwa dola ilihitaji wanasheria na muda wote huo, mkulima wa ekari tatu tunamwachaje peke yake amalize mambo yake mchana mmoja?

Wakili angeuliza yale ambayo mwanakijiji hajui kwamba ana haki ya kuyauliza. Posho ya usumbufu imo? Ya usafiri je? Mihogo ya mke mdogo imeandikwa kwa jina la nani, na fedha zitaingia akaunti ya nani? Kwangu hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote, maana kwetu alimaye ni mama na asainiye ni baba. Hata kuhusu tegesha, yaani kuinua vibanda haraka ili kuvuna fidia, wakili mwaminifu angemwonya mteja wake mapema kwamba kibanda kilichoinuliwa usiku kitalitia doa hata dai lake la haki.

Serengeti nako, Robanda na vijiji vingine vya eneo la hifadhi ya wanyamapori la Ikona vinaingia mikataba na wawekezaji wa utalii. Huko pia kila kipengele kisomwe kwa Kiswahili kwenye mkutano wa kijiji kabla ya mhuri.

Fedha za kuwalipa mawakili zinaweza kupatikana. Tangu marekebisho ya 2017, Sheria ya Madini inautaka mgodi ukubaliane na halmashauri kila mwaka kuhusu mpango wa kuhudumia jamii. Madiwani wa Tarime, katika mpango ujao, pamoja na madarasa na zahanati, wekeni fungu la mawakili. Wachaguliwe na wanakijiji, walipwe na halmashauri, na wafike kijijini kabla ya mthamini.